Nywele za Chizuru

Rafiki yangu Ibuki, mchora sura wa Kyoto, si mwoga hata kidogo, lakini tangu siku ile haingii chumba chake cha kazi peke yake.

Alikuwa akimchora marehemu Chizuru juu ya hariri iliyowambwa kwenye fremu, akiifuata picha ya kamera: kimono, saa ya mkononi, na nywele za kisasa zilizoishia masikioni. Mama wa marehemu alipokuja kutazama, akawaka.

"Mwalimu, mwanangu hakuwa mhuni! Mchore nywele ndefu, kazifunga kama mwanamke wa heshima."

"Lakini Mama, alizikata mwenyewe."

"Nami nilimzaa mwenyewe! Mrudishie nywele zake."

Mama akaenda zake, Ibuki akazirefusha. Ikabaki kupaka unga mweupe wa kombe za chaza upande wa nyuma wa hariri, kama walivyofanya wazee, ili uso ung'ae kutoka ndani. Akaingia jikoni kupasha gundi ya kuchanganyia. Mvua ilikuwa imeleta giza mchana kweupe. Mara akasikia mkasi chumbani: kacha, kacha, kacha.

"Mama, umerudi?"

Mkasi ukanyamaza.

Akaenda akipapasa ukuta, akawasha taa. Hapakuwa na mtu. Akaigeuza fremu. Upande wa nyuma, ambao brashi yake ilikuwa haijaugusa, palichorwa kisogo cha mwanamke, nywele fupi, shingo wazi.

Akaigeuza tena ili auone uso.

Mbele nako kulikuwa na kisogo.