Kochi la Mzee Ntandu

Mpimahitaji ilitua uani kwa Mwantumu Kidanka bila kutimua hata vumbi. Ilikuwa chombo cha duara, upana wa ungo, chenye macho pande zote na mabawa membamba yaliyojikunja yenyewe. Mfuko wa Jua uliyatuma mamia ya vyombo hivyo vijijini kutafuta wakulima na wenye biashara ndogo wanaostahili kupewa mtambojua, injini inayoendeshwa na nguvu ya jua. Kila chombo kilinusa moshi wa dizeli, kikapima joto la mabati, kikaona hadi ndani ya makabati. Hakikula rushwa wala kunywa chai. Wakaguzi wa zamani walikuwa hodari kwa vyote viwili, kwa hiyo watu walikipenda sana.

Mwantumu alikuwa na kinu cha kukamua alizeti, cha pekee katika vijiji vile vya Singida. Injini yake ya dizeli ilikuwa imekata roho. Asipopata mtambojua kabla ya mavuno, wakulima wangewauzia walanguzi mbegu kwa bei ya kutupa, naye angefunga mlango.

Mpimahitaji ilizunguka nyumba nzima, kisha taa yake ikawa nyekundu.

"Hongera, mama. Una kochi la ngozi, friji, na paneli za jua juu ya paa. Huna uhitaji. Naenda kwa mwombaji mwingine."

Jamani! Kosa lenyewe lilikuwa la mapenzi. Majirani waliposikia anapata mgeni, waliamka alfajiri wakambebea kila kizuri walichonacho. Hakuna aliyewaza kwamba mgeni huyu amekuja kutafuta shida. Kwao mgeni hakalishwi juu ya gunia, hata kama hana makalio.

"Ngoja!" Mwantumu aliita mbele ya watu waliojaa uani. "Si vyangu. Kochi la Mzee Ntandu. Friji ya Chausiku. Paneli zimefungwa kwa kamba, angalia vizuri. Hata khanga hii niliyovaa ni ya wifi yangu. Changu ni kinu tu, na kimekufa."

Mzee Ntandu akakohoa. "Ni kweli. Na kochi nalitaka kabla ya saa kumi, wakwe zangu wanakuja."

Watu wakaangua kicheko, na Mwantumu naye akacheka huku anafuta machozi.

"Kuazimana huku mliandikishana wapi?" iliuliza Mpimahitaji.

"Tuandikishane nini?" alidakia Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Mtu nimekua naye!"

Chombo kiliinua jicho moja hadi kwenye kamba za paneli. "Kanuni inadai kila mtambojua uwe na wadhamini," kilisema hatimaye. "Kwingine watu huhangaika miezi kunitafutia mmoja. Wako nimewakuta tayari, vitu vyao vimejaa sebuleni."

Taa ikawa kijani. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilitimua kuku wote wa mtaa.

Mawingu yalikuwa yameanza kutanda Mpimahitaji ilipokunjua mabawa. Chausiku akaikimbilia na kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe.

"Utalowa, mgeni."

"Silowi."

"Hayo ni maneno yako. Jifunike, utarudisha." Akakifunga fundo chini yake, nacho chombo kikapaa kimevaa maua mekundu.

Mavuno yalipofika, mtambojua ulifungua majani yake ya kioo na kuligeukia jua, na kinu kikazunguka bila moshi wala kelele. Mafuta ya kwanza yalipochuruzika, Mwantumu alilia waziwazi, akacheza, akalia tena. Magunia ya alizeti yalijaa mpaka barabarani.

Katikati ya shangwe hizo Mpimahitaji ikatua. Mwantumu akashtuka.

"Umekuja kukagua?"

"Leo sina kazi," ilijibu. Ikanyoosha mkono mwembamba, na juu yake palikuwa na kitambaa cha maua mekundu, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. "Nimekuja kurudisha."

Chausiku alikipokea kwa mikono miwili. Mwantumu naye alitazama huku na huku, akavuta gunia la alizeti, akalikung'uta vumbi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa," alisema. "Leo tena wakwe wa Mzee Ntandu wamekalia kochi."