Ukucha Ndani ya Mabuti ya Hewa

Sogeeni. Wewe uliye mlangoni, vuta mlango, upepo wa ziwa usije ukakaa nasi. Mwenye kitu kinywani ameze sasa, maana nikishaanza hatameza tena. Na atakayetafuna nitamtoa nje, kwa sababu hadithi hii ina mtafunaji wake, na nataka mumsikie yeye peke yake. Haya, midomo ifungwe. Vidole vya miguu vikunjeni chini yenu.

Hapa hapa Duluth, kwenye mitaa ya mlimani ambayo barabara zake huporomoka hadi ziwani, alikuwapo mwanamke akiitwa Marit Koskela. Kazi yake ilikuwa kusafisha meno ya watu katika kliniki. Kutwa anakwangua ukoga wa manjano, anafuta damu ya ufizi, ananusa vinywa vya wanaume waliolala na vitunguu. Jioni anakunywa supu yake vizuri tu. Kinyaa hakikumjua. Watu wa mji aliwatambua kwa meno kuliko kwa nyuso: huyu ana pengo, yule husaga magego usingizini. Yeye mwenyewe alikuwa na chonge moja iliyopanda juu ya jino la jirani, na kila alipocheka aliificha kwa mdomo.

Mapenzi yake yalikuwa kukimbia. Mama yake alikatwa miguu kwa ugonjwa wa sukari, kwanza huu, kisha huu, na Marit ndiye aliyeiosha kabla haijaondoka. Siku ya mazishi aliapa kwamba yeye miguu yake haitamtangulia kaburini. Tangu hapo, mvua, theluji, barafu, anakimbia. Na kabla hajafika arobaini alitaka jambo moja: kumaliza marathoni ya kando ya ziwa kwa kasi ya kumpatia nafasi kwenye mbio za Boston, kule wasikopokea kila mwenye viatu.

Sasa wakimbiaji wa siku hizi wana dawa yao ya uchovu, mabuti ya hewa. Msiwaze mabuti ya tope. Hii ni mifuko mirefu ya kitambaa kizito inayopanda hadi mapajani, ina zipu, ina mipira iliyoungwa kwenye pampu. Unaingiza miguu, unawasha, hewa inajaa kuanzia vidoleni, inakubana, inakukamua kuelekea juu kama mtu anayekamua ng'ombe kinyumenyume, kisha inakuachia. Ukitoka hapo, wanasema, miguu ni mipya.

Majira hayo ya baridi alifariki Rolf Engstad, mwenye mbio kuliko wote katika kikundi chao cha wakimbiaji. Baadaye mjane wake, Corinne, akamwita Marit kwenye gereji.

“Mabuti ya Rolf ndiyo hayo pale,” akasema, yeye amesimama nje kwenye theluji. “Chukua.”

“Corinne, haya ni mali. Mbona usiyauze?”

“Nimesema chukua, mwenzangu. Na usinirudishie.”

Gereji ile ilikuwa na baridi ya kugandisha mate. Ndoo ya maji pembeni ilikuwa jiwe. Lakini Marit alipotia mkono ndani ya buti moja, mlikuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Na kule mwisho, penye vidole, akakuta ukucha. Mnene, mweusi, mzima.

Mimi na nyie tungepiga kelele. Marit alitabasamu. Maana wakimbiaji wa huku, kucha zao huwa nyeusi kwa kugonga viatu, kisha huanguka, nao hujivunia. Kikundi chao kina chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya matango ya siki. Kila ukucha unaoanguka hutiwa humo, na asubuhi ya mashindano huitikisa kama kayamba, wapate bahati. Basi Marit akaupeleka ukucha wa Rolf, akautumbukiza mbele ya wote. “Rolf aendelee kukimbia nasi,” akasema. Wakapiga makofi. Wengine walilia.

Jioni yake akavaa mabuti. Huku wakati wa baridi jua huzama watu wangali kazini, na dirisha lilikuwa jeusi. Pampu ikaanza kuguna, mmm, mmm, hewa ikambana nyayo, vigimbi, mapaja, ikamwachia. Alifumba macho kwa utamu. Halafu kitu kikampita kati ya vidole. Kilikuwa cha moto, chenye majimaji na mikwaruzo, kama ulimi wa paka.

Jasho, akasema moyoni.

Kesho yake alikimbia kama aliyesukumwa mgongoni. Na kesho kutwa pia. Kila akiyavaa, mbio zinaongezeka. Kila akiyavua, yananuka.

Mume wake, Dale, aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani, mtu wa mzaha. “Mama Boston,” akasema jioni moja, fulana ameivuta puani, “umeficha samaki humu ndani au umenificha mwanamume aliyekufa?”

“Ni mabuti tu. Nitayafuta.”

“Umeyafuta jana. Jamani, hii si harufu ya miguu. Miguu yangu inanuka, naijua. Hii ni harufu ya... ya mdomo.”

Marit aliijua harufu ile kuliko yeye. Ni ile ya jino bovu linapofunguliwa, usaha wa zamani na nyama iliyokwama.

Wiki hiyo ukucha wake wa kidole gumba ukalegea, ukaangukia ndani ya buti. Akatia mkono kuutafuta, asiuone. Akaona atauokota baadaye, akaingiza miguu, akawasha. Pampu ikaguna. Na chini ya mguno wa pampu akasikia, taratibu, bila haraka, kama mtu anayekula mfupa laini wa kuku na hataki kuumaliza: kruk. Kruk. Kruk.

Alijichomoa akakimbilia bafuni kwenye taa. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyekaa mtoni kutwa, hazina ngozi ngumu hata chembe. Sugu zote za miaka ya mbio zilikuwa zimelambwa zikaisha. Ute wa manjano ulimning'inia kati ya vidole, ukivutika kama uji wa bamia. Na juu ya kisigino, wazi kabisa, palikuwa na alama ya meno.

Aliyesafisha meno ya mji mzima hahitaji kuambiwa. Safu ya juu, na jino la mbele limemeguka pembe. Jino lile alilipiga msasa yeye mwenyewe, mwaka juzi, Rolf akiwa amelala kwenye kiti chake akieleza jinsi alivyolivunja kwa chupa ya bia.

Marit akatapika. Yeye ambaye kinyaa hakikumjua, alitapika mpaka nyongo.

Akampigia Corinne. “Rolf alikufaje?”

Ikaja sauti ya chini, kama ya mtu aliyefunika simu kwa mkono. “Juu ya kochi. Ameyavaa. Marit, nilipofungua zipu... miguu ilikuwa kama mapaja ya kuku ambayo mtu amekwisha kuyafyonza. Nilijiambia ni ugonjwa.”

“Ukanipa mimi?”

“Ulisema unataka Boston,” Corinne akanong'ona, akakata.

Mngedhani aliyatupa. Alikuwa na mbio ndefu Jumamosi, na miguu bila mabuti ilikuwa imeanza kumtetemeka kama ya mama yake siku za mwisho. Mara moja tu, akajiambia. Ya mwisho. Akavaa.

Hapo ndipo mabuti yalipombana yasimwachie. Akaita. Dale akaja mbio, akavuta zipu, zipu haikusogea. Akachomoa waya ukutani, na pampu, wajukuu zangu, pampu isiyo na umeme ikaendelea kuguna, mmm, mmm, na kila ikiguna Marit anahisi midomo, si mmoja, midomo mingi midogo inayopanda ndani ya kitambaa kutoka nyayo hadi vigimbi hadi gotini, ikinyonya, ikipumzika, ikimeza, na Dale akachukua kisu akachana kitambaa, na pale kisu kilipopita hapakutoka hewa, yakatoka maji ya uvuguvugu yenye nywele, yakamtiririkia mikononi, yananuka kama kinywa cha maiti.

“Usikate!” Marit akalia. “Dale, nasikia kisu! Umenikata mimi!”

Dale akatupa kisu. Alikuwa analia kama mtoto. “Nampigia shangazi,” akasema.

Shangazi yake, Tyyne, mwanamke wa Kifini, alikaa nje ya mji, na alikuwa mwumishi: alitoa watu damu mbovu kwa pembe za ng'ombe, ndani ya sauna yake ya kuni, kile chumba cha mvuke wa moto, kama mama yake alivyofanya, na nyanya yake kule ng'ambo. Dale alimbeba mkewe kwa gari la kazini, bamba la kusukumia theluji mbele, taa zinazunguka, na njia nzima pampu inaguna mapajani pa Marit.

Bibi Tyyne alipofungua mlango alinusa tu. “Mwingize kwenye mvuke,” akasema. “Na wewe, kijana, funga mdomo. Kilichomo humo kinapenda midomo iliyo wazi.”

Akajaza kuni mpaka mawe yakawa mekundu. Akamwaga maji, mvuke ukapiga dari ukarudi. Akampiga Marit mapajani kwa kitita cha matawi ya mbetula, kisha akabandika pembe juu kidogo ya pale mabuti yalipoishia, akafyonza hewa kwa kinywa chake, akaziba.

“Mama yangu alitufundisha,” akasema huku akifanya kazi, “ukucha ukitoka mwilini unakatwa mara tatu, ndipo utupwe. Ukucha mzima ni mlango. Nyie mnaoloa jasho mnatia miguu kila mahali. Umekilisha nini hiki?”

“Ukucha wangu mmoja,” Marit akasema. “Uliangukia ndani.”

“Na wa yule wa kwanza? Kinakula kwa mdomo wa aliyekilisha mwisho kabla yako. Ukucha wake uliukuta?”

“Niliukuta.”

“Uko wapi? Lazima uungue leo na hiki. Ukibaki nje, kina pa kurudi.”

Hapo Marit akaiona chupa. Aliwaona wenzake wote wakiitikisa asubuhi ya mashindano; akajiona yeye akienda kuwaambia, nipeni bahati yenu nikaichome jikoni kwa bibi kizee; akaiona Boston. Hata akiwa pale, anafyonzwa, aliiona Boston.

“Niliutupa,” akasema. “Ziwani.”

Bibi akang'oa pembe ya kwanza. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, imeganda kama maini, na katikati yake palikuwa na vipande vya kucha, vinapumua. Akamwaga maji mengine juu ya mawe. Mvuke ukawa mzito mpaka Dale hakuona mikono yake mwenyewe, akasikia tu zipu zikifunguka, polepole, zenyewe, na kitu kikidondoka sakafuni kwa kishindo cha nyama mbichi, na alipoinama akakiona: cheupe kama ngozi ya kuku iliyochemshwa, kirefu kama mguu wa mtu, hakina jicho hakina sikio, kimesimamisha kucha mwili mzima kama magamba ya samaki, na mbele yake kina mdomo wa mtu, jino limemeguka.

“Maili moja tu, Marit,” kikasema kwa sauti ya Rolf, kwa upole. “Moja tu, mwenzangu.”

Tyyne alikidaka kwa koleo akakisokomeza ndani ya jiko la kuni. Kiliungua kwa harufu ya kwato, na sauna ile, wanasema, hainukii vizuri hata leo.

Miguu ya Marit ilibaki. Myembamba, ya kutembelea polepole tu, kucha hazikuota tena. Asubuhi ya marathoni alisimama kando ya barabara amekamata fimbo, akaisikia chupa ikitikiswa. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Sasa nani alirithi nini. Bibi Tyyne alipofariki, sauna ilimwangukia Dale, na pembe zikawa za Marit. Akajifunza kuumika, na ndiyo kazi yake mpaka leo. Corinne alirithi nyumba isiyo na mtu, akahama. Chupa ya kucha ilirithiwa na msichana mmoja, Brielle, aliyeshinda siku ile. Ndiyo desturi yao, mshindi hukaa nayo. Huiweka kando ya kitanda. Anasema hata kwenye baridi kali kioo chake kina joto, na mbio zake zinaongezeka.

Majuzi Brielle alikwenda kwa Marit akiwa anachechemea, kisigino kinamwasha. Akavua soksi, harufu ikatoka. Marit akavuta taa, akainama kutazama, na pale pale akaufunika mdomo wake kwa mkono. Alama ilikuwa mbichi, safu ya juu, meno mazuri yote yaliyotunzwa, isipokuwa chonge moja, iliyopanda juu ya jino la jirani.