Mstari wa Cherehani

Pikipiki ilizimwa nje ya ua, na kabla mlio wake haujaisha masikioni, mwanamke mgeni aliyevaa buti zenye tope alikuwa mlangoni akibisha hodi. Ndani, msichana mmoja alikuwa ametoka shule. Alikuwa akivaa jezi ya mazoezi, akitafuna mkate na kutafuta viatu kwa macho, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila mtu alimwita Cherehani. Bibi yake alisema kuwa miguu yake ikianza kukanyaga haisimami mpaka uzi ukatike.

"Hapa ndipo kwa mwenyekiti wa kikundi cha msitu?"

"Ndipo, shangazi. Ni bibi yangu. Karibu."

"Mimi ni afisa misitu. Nimekuja kukagua miche."

Cherehani akaacha kutafuna. "Bibi alisema mtakuja mwezi ujao."

"Mgeni akija kwa taarifa hukuta nyumba imefagiliwa," afisa alisema akitabasamu. "Mimi napenda kuona vumbi."

Kilima kilichokuwa juu ya nyumba zao kilikuwa kipara. Kila masika, tope liliteremka na kuingia mpaka majikoni. Ndipo majirani wakaunda kikundi ili wapande msitu wa jamii, na serikali ikakubali kuwapa ruzuku. Fungu la kwanza lilinunua miche. Fungu la pili lingejenga uzio wa kuzuia mbuzi, lakini lingetolewa tu afisa akiridhika kwamba miche imepandwa vizuri. Bila uzio, mbuzi wasingebakiza hata jani.

Siku ya kupanda, kila jirani na kila mwanafunzi alipewa mstari wake. Miche ilikuja katika viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Kabla ya kupanda, kiriba huchanwa kwa wembe na kutolewa ili mizizi ipate nafasi ya kutambaa. Ni kazi ya taratibu, na siku hiyo Cherehani alikuwa akiwahi mazoezi ya mpira. Akafukia miche yake pamoja na viriba vyake. "Udongo hauna macho," alijiambia. Tangu siku hiyo, kila alipotazama kilimani alihisi kama amekalia mwiba.

Sasa walikuwa wakipanda kilima: afisa, Bibi, na fundi baiskeli aliyekuwa katibu wa kikundi. Cherehani alifuata nyuma, mazoezi ameyasahau. Afisa akachimbua mche katika mstari wa fundi. Mizizi ilikuwa myeupe, imetanuka. Akachimbua mwingine mbele kidogo, nao ulikuwa mzima.

"Na mingine?" aliuliza.

"Yote ni hivyo hivyo," Bibi alijibu. "Imepandwa na majirani zangu na wajukuu zangu. Ukikuta mstari umepandwa ovyo, sema mimi ndiye mwongo."

Afisa akatoa kalamu. Cherehani akatazama mstari wake. Majani yalikuwa ya kijani na yalicheza na upepo kama ya mistari mingine. Akinyamaza, uzio utajengwa, nao utalinda miti inayokufa. Na Bibi ndiye atakayekuwa mwongo.

"Shangazi," alisema, "chimbua na huu."

Afisa akapiga magoti. Kiriba cheusi kikachomoza udongoni kikimeta, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha kama uzi kwenye bobini.

"Cherehani," fundi alinong'ona, "leo ungeanza kwa kushona huo mdomo."

Bibi akageuza uso, akatazama bondeni. Hilo lilimuuma Cherehani kuliko fimbo.

"Mvua ikikatika tu, hii itakauka," afisa alisema. "Siwezi kutia saini leo. Nitarudi Jumamosi alasiri."

"Basi kesho tuje wote tuumalize," fundi alisema.

"Hapana, baba," Cherehani alisema. "Niliifukia mwenyewe. Nitaitoa mwenyewe, yote. Naahidi."

Neno lilikwisha kutoka alipokumbuka kwamba Jumamosi alasiri ilikuwa fainali ya mpira.

Kila jioni alipanda kilimani na wembe na jembe dogo. Siku ya kwanza alikwenda mbio kama kawaida yake, akakata mizizi ya mche mzima. Akakaa chini, akalia kidogo, kisha akaanza upya polepole. Kuchana, kutoa, kupanda, kushindilia. Mikono ilijifunza, lakini Jumamosi ilifika na kipande cha mstari kilikuwa bado.

Kepteni wa timu alimfuata huko huko. "Twende, Cherehani. Miti haikimbii."

"Ndiyo maana nabaki. Ingekuwa na miguu, ingejitoa yenyewe."

"Na tukifungwa?"

"Nitalia pamoja nanyi."

"Utalia peke yako," Kepteni alijibu, akateremka bila kugeuka nyuma.

Mechi ilipoanza, kelele zilipanda kutoka uwanjani. Goli lilifungwa, lakini la nani? Miguu ilimwasha. Akachana kiriba kingine.

Afisa alifika pamoja na fundi, akachimbua hapa na pale, akatazama mizizi na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatia saini juu ya goti lake. Fundi akashusha pumzi kama tairi lililotobolewa.

"Imebaki mitatu tu," alimwambia Cherehani. "Hiyo niachie mimi. Kimbia, utawahi dakika za mwisho."

Cherehani akatazama uwanja, kisha ile miche mitatu.

"Ahsante, baba. Nilisema yote."

Akapiga magoti. Filimbi ya mwisho ililia akiwa anashindilia udongo wa mche wa mwisho.

Bibi, ambaye wiki nzima alisema naye maneno machache, akaja na chupa ya maji, akamwoshea mikono.

"Kazi mbaya hata ukiifukia huota, mjukuu wangu," alisema. "Lakini ukweli ni kama mche. Ukiuhamisha mapema, hushika. Ukiuchelewesha, hukufia mikononi. Wewe uliwahi."

"Hata mlipokuwa mnanikasirikia nyote?"

"Hapo hasa."

Wakakaa wakitazama wachezaji wakitoka uwanjani. Kutoka juu haikujulikana nani analia na nani anacheka. Bibi akatazama chini, akacheka peke yake. Miguu ya Cherehani ilikuwa imetulia.