Waliobonyeza Tangazo la Shamsia

Kama unasoma hii umekaa kwenye sofa, inuka kwanza, pangusa ulipokaa, halafu kaa tena. Sijasema kuna kitu. Nimesema pangusa. Na wewe unayecheka hapo, wewe ndiyo ungekuwa wa kwanza kutoka mbio kwenye karakana ya Shamsia, tena viatu ungeacha.

Karakana yenyewe iko Musoma, mtaa wa Iringo. Baba yake Shamsia aliijenga kwa mikono yake, akafa akamwachia yeye na mdogo wake, Khalidi. Shamsia anapiga randa na kuunda fremu mwenyewe, na pale mjini hakuna fundi mwanaume anayemfikia, anayebisha alete sofa lake tulikalie. Vitambaa anashona Ursula, mama mmoja mtu mzima wa Mugango. Khalidi yeye vumbi hakulipenda. Alisoma chuo Mwanza kwa ada iliyotoka kwenye misumari ya dada yake, akarudi na laptop na maneno matamu.

Ndiye aliyeleta habari ya tangazo la mtandaoni.

"Mtu akitafuta sofa kwenye simu, dada, jina lako linatokea juu kabisa. Akilibonyeza, kampuni inakukata hela kidogo."

"Hata asiponunua?"

"Hata asiponunua. Lakini atanunua. Nani aone sofa zako aziache?"

Ulimi huo. Na mwanzo kazi zilikuja kweli, hadi za Butiama. Simu ya karakana ilikuwa inaning'inia kwenye msumari ukutani, na kila mtu akibonyeza tangazo ilikuwa inatoa kamlio, tk, kama ukucha ukigonga mbao. Kwa vile mikono ya Shamsia inakuwaga na gundi muda wote, Khalidi aliipanga ijibu yenyewe, kwa sauti ya dada yake waliyoirekodi: "Karibu ndani."

Kilichoanza kilikuwa kitu kidogo tu. Mchana mmoja mtandao ulikatika mji mzima, hata wale wa kutoa na kuweka pesa wakabaki wanajipepea kwenye vibanda. Simu ikalia tk. Karibu ndani. Tk. Karibu ndani.

Ursula akaacha kukanyaga cherehani. "Mwanangu, si umesema mtandao hakuna?"

"Labda ni za asubuhi," Shamsia alisema, "ndiyo zinafika."

"Zinafika na nini, kwa miguu?"

Wakacheka. Mimi nisingecheka, ila mimi sikuwepo, nao hawakuwa na akili zangu.

Kuanzia hapo wabonyezaji wakawa wengi na mteja hakuna hata mmoja. Hela ya tangazo ya siku nzima ilikuwa inaisha kabla ya adhuhuri. Ikiisha tangazo linajificha, na la mfanyabiashara anayefuata linapanda juu. Shamsia alimuuliza mdogo wake hao watu wanakwenda wapi.

"Wanaangaliaga tu, dada. Ongeza bajeti, watazoea."

Akaongeza. Akauza mashine ya baba ya kuchania mbao ili aongeze, akarudi kwenye msumeno wa mkono. Mwezi wa mfungo ulikuwa umeingia, na watu wa Musoma hubadilisha sofa kuelekea Idi. Msimu ule ukipita hivi hivi, karakana ya baba inafungwa. Alilijua hilo, Ursula alilijua, na Khalidi alilijua kuliko wote.

Ndipo Ursula alipoona mabonde. Sofa mpya, bado zimefungwa nailoni, hazijakaliwa na mtu, zilikuwa zimebonyea kwenye sponji, mahali pa mtu mmoja, halafu pa wawili, halafu siti zote tatu. Alibonyeza kwa kiganja, akautoa mkono haraka. Palikuwa na joto. Na harufu ilikuwepo, ya nywele zilizoungua na nyavu mbichi, ingawa ndani ya karakana hapakuwa na samaki wala moto.

"Shamsia," alinong'ona, "hawa watu wa kwenye simu wanakujaga kweli. Ila hawasimami."

"Usinitishe mama, nimefunga."

"Kwetu giza likianza kuingia, mtu akibisha hodi huitiki ya kwanza. Unangoja ya tatu, umjue ni nani. Hii simu yako inamkaribisha kila anayegonga, tena kwa sauti yako."

Jioni hiyo Ursula akiwa ameshaondoka, adhana ya magharibi ikiwa inaishia, Shamsia aliweka tende mdomoni akageuka kutafuta kikombe cha maji, na simu ikaanza, tk, karibu ndani, tk, karibu ndani, bila kupumua, na kila tk ilifuatiwa na mlio wa nailoni kukunjika, sofa la kwanza, la pili, lile la kona, mpaka hata benchi la randa likalia chini ya uzito, na harufu ile ikawa nzito kiasi kwamba tende ilimgeukia mdomoni ikawa na ladha ya nywele, naye akatambua, akiwa amesimama katikati ya fremu alizoziunda mwenyewe, kwamba karakana imejaa, na wote waliojaa wameelekea upande wake wakingoja awaulize wanataka nini.

Alitoka kinyumenyume.

Kesho yake wakamfuata Ustadhi Abdulnasir, Butiama. Huyu mchana anauza spea za baiskeli, na kisomo chake hakina mbwembwe. Alikuja saa za alasiri, akaketi kwenye mkeka, Shamsia na Ursula mbele yake. Khalidi alikaa karibu na mlango. Hakutaka kuja, alisema ana kazi. Dada yake alimshika mkono.

Ustadhi alisoma taratibu, kwa muda mrefu. Simu ikawaka yenyewe pale msumarini, ikasema kwa sauti ya Shamsia:

"Nimeagizwa."

"Umeagizwa ufanye nini?" Ustadhi aliuliza bila kuinua macho.

"Nibonyeze mpaka hela yao ya siku iishe. Nipumzike. Kukicha nibonyeze tena."

"Nani anafaidi?"

"Anayepanda juu wao wakishuka. Duka la sofa la Bunda."

"Umeagizwa kwa nani hapa?"

"Kwa mtoto wa Nyamburi."

Ursula akamsogelea Shamsia. "Nyamburi ndiyo nani? Mama yenu si Sabiha?"

Mji mzima ulimjua kwa Sabiha. Ila alizaliwa kijijini Murangi akiitwa Nyamburi, akatoroka na fundi sofa Mwislamu, baba yake akamlaani, naye akalizika jina lile asilisikie tena. Alimnong'oneza Shamsia jina hilo siku ya kufa. Na Shamsia, maisha yake yote, alimwambia mtu mmoja tu, siku anamsindikiza chuo, ili amwombee mama yao kwa majina yote mawili.

Hakugeuka haraka. Aligeuka kama mtu anayeogopa shingo itavunjika.

"Khalidi. Duka la Bunda ni la nani?"

"Dada, nisikilize." Alikuwa anaangalia mkeka. "Nilitaka na mimi niwe na changu. Yule mganga niliyemwendea alitaka jina la mtu na la mama yake. Wallahi la kwako lilinikwama. Sikulitaja. Nilimpa la mama tu."

Alisema hivyo kama anayengoja kushukuriwa.

Ustadhi ndiye aliyefunga msahafu. "Ulimpa la mama tu," alisema polepole. "Na wewe, kijana, ulizaliwa na nani?"

Jamani. Chuo Mwanza, laptop, na swali hilo hakulifikiria. Mimi darasa la sita ningelijibu.

Simu ikasema, safari hii karibu kama inanong'ona: "Watoto wa Nyamburi ni wawili. Nimechoka kuzunguka. Aitike mmoja, niondoke naye."

"Jini hili sitaweza kulilazimisha," Ustadhi alisema. "Limeagizwa kwa damu, litaondoka na damu. Atakayeitika, au atakayetajwa jina na mwenzake."

Khalidi aliinua uso akamtazama dada yake, na Shamsia aliujua uso ule. Ni ule wa utotoni, kioo kimevunjika, baba ameshika fimbo anauliza ni nani, na mdogo mtu ananyamaza akijua kuna mtu atasema, ni mimi, baba. Alikuwa anangoja asemewe tena.

"Dada," alinong'ona. "Itikia wewe. Wewe umeshalizoea."

Shamsia alimtazama mpaka kivuli cha mlango kikafika kwenye mkeka. Hakulia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumwita mtoto aje ale:

"Anaitwa Khalidi."

Simu ikazimika. Sponji zikaanza kuinuka, bonde baada ya bonde, sofa baada ya sofa, kwa pumzi moja ndefu, kama watu wanaoondoka msibani, na upepo wa harufu ile ukawapita wote kuelekea mlangoni.

Khalidi alisimama, akajikung'uta suruali, akacheka kidogo. "Mbona sioni kitu." Akatoka kwenda kutafuta gari la Bunda.

Shamsia na Ursula walimwangalia kutoka mlangoni. Mwanzo alitembea wima. Alipovuka mtaro akaanza kuinama mbele. Alipofika barabarani alikuwa amepeleka mikono yote miwili nyuma, ameiunganisha chini ya kiuno, kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni, na kila hatua ilionekana mtoto anakua.

"Mwite," Ursula alisema. "Amekosea, lakini ni damu yako. Mwite arudi Ustadhi amsomee."

Shamsia alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga.

"Nikiliita lile jina sasa, mama," alisema, "wataitika wawili."