Mbwa Mwitu Mbele ya Jiko

"Dada, hivi ni vya kula au vya kumpigia mwizi?"

Kamshat aligeuka. Kwenye meza za maziwa za Soko la Kijani, Almaty, katikati ya watu wanaosukumana, kijana wa koti la kijivu alishika kibonge cha jibini iliyokaushwa hadi ikawa jiwe, akikitazama kama kimemtukana.

"Meno ya wapi hayo, kaka?"

"Ya hapahapa. Ila yalisoma Marekani."

"Basi yamerudi bila cheti."

Kijana huyo, Dauren, alicheka hadi muuzaji naye akacheka. Theluji ya kwanza iliwakuta wanaitana roho yangu. Na kwa kuwa Dauren alikuwa mhariri wa vitabu, Kamshat alimkabidhi kitu asichowahi kumpa mtu: riwaya yake ya kwanza, ya mbwa mwitu jike aliyeibiwa watoto.

Mwezi wa Machi zikamfikia kurasa zilizo tayari kwenda mashineni kuchapwa. Alisoma sura ya mwisho amesimama jikoni, chai ikapoa. Akapiga simu.

"Dauren! Nani amemlaza mnyama wangu mbele ya jiko?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Jiko la mtu aliyemwibia watoto! Tena anamlamba mkono! Na umempa jina, Sholpan, kama kijibwa cha ghorofani!"

"Vitabu vya Marekani ndivyo vilivyo, roho yangu. Mbwa mwitu anatoka porini, anapata bwana mwema, msomaji analia kwa furaha. Nilitaka apendwe."

"Kule anatafutiwa bwana. Kwetu yeye ndiye bibi wa ukoo! Tunajiita wajukuu zake, na bado tunachimbua pango lake tunabeba wanawe. Aibu hiyo ndiyo kitabu changu. Umeifuta, na hata kuniuliza hukuniuliza!"

"Kamshat..."

"Usinipigie."

Alipiga. Simu ililia chini ya mto hadi ikachoka.

Wiki ilipokwisha, Kamshat alimkuta Dauren anamngoja kituo cha basi, barabara ya Abai, theluji inayeyuka miguuni, koti wazi, bahasha kifuani.

"Nimesimamisha mashine. Bosi amenitukana mpaka babu yangu."

"Umestahili."

"Nilimpigia mjomba anayefuga kule milimani, nikamuuliza habari za mbwa mwitu. Kumtaja tu, akanikatia simu! Baadaye akapiga yeye: 'Mpumbavu wewe! Kondoo wanazaa, unamwita wa nini? Sema yule!' Mimi mtoto wa mjini, Kamshat. Sikujua bado anaogopwa hivyo, hata kumtaja ni kumwita zizini. Nami nikampa jina la kubembeleza."

Kamshat hakutabasamu. "Hukujua, sawa. Kinywa si unacho? Ungeuliza."

"Ningeuliza. Nisamehe." Akaibana bahasha kifuani. "Mama anataka kujua aje lini kukuvisha hereni za uchumba."

"Mama asubiri. Mwisho wangu umeurudisha? Usome. Kwa sauti."

Mabasi yakaja, yakaondoka. Dauren alisoma, midomo imepauka kwa baridi. Hapakuwa na Sholpan. Mnyama alilizunguka hema la mwizi gizani, hakuusogelea moto, akafika kwenye kamba zilikoanikwa ngozi ndogondogo, akaanza kuzinusa, moja moja, akizitambua...

Akaishusha karatasi. Akaiinua, akarudia neno lilelile, akaishusha tena.

Kamshat, macho bado makali, akamnyang'anya karatasi, akaanza kumfunga vifungo vya koti kwa hasira, kimoja kimoja.

"Mwambie mama, Jumapili."