Vernon na Kituo cha Zamani

Loretta Pruitt alikuwa akipika maharage, masikio yakiwa kwenye redio. Mwanawe Curtis alikuwa mwanajeshi wa Marekani, na kwa mara ya pili alikuwa vitani Iraki. Mwaka huo, 2006, Loretta alitaka kitu kimoja tu: mtoto arudi mzima.

Jirani yao Odessa, ambaye kila uchaguzi husimamia kituo cha kupigia kura, alipita akamuuliza kama atapiga kura Novemba.

"Kwani Rais anagombea?"

"Hagombei, shoga. Wanagombea wabunge. Pesa za vita unadhani anazipitisha nani?"

Loretta akakaa kitako. Miaka yote yeye na mumewe Vernon walipiga kura ya Rais tu. Hizi za wabunge, za katikati ya muhula wa Rais, waliziacha zipite. Odessa akamkumbusha jingine. Tangu kiwanda cha mjini kifungwe na wao wahamie nyumba hii, hawakubadilisha anwani kwenye daftari la wapiga kura, na usajili wa jimbo lao la Ohio hufungwa mwezi mmoja kabla ya kura.

Kesho yake Loretta akaenda kujisajili upya. Vernon alimcheka.

"Kituo changu ni pale kanisani. Wananijua kuliko mchungaji."

Walimjua kweli, hata wakajua kuwa amehama. Siku ya kura wakamwambia kituo chake sasa ni shuleni, na huko atapewa karatasi ya kura ya muda, itakayohesabiwa baada ya kuhakikiwa. Vernon akasusa, akarudi nyumbani kutazama televisheni.

Chama cha Rais kilishindwa, Bunge likaingia mikononi mwa wapinzani waliosema watamaliza vita. Loretta alilia kwa furaha. Aliona Curtis yuko njiani.

Hakuwa njiani. Aprili ilipofika, askari waliongezewa miezi mitatu ya kukaa vitani, na Bunge jipya likapitisha pesa za vita. Loretta akampigia simu mbunge aliyemchagua.

"Nilikupa kura kwa sababu moja," alimwambia. "Iko wapi?"

Hakujibiwa la maana. Odessa akamwambia kura ni mwanzo tu, mbunge hudaiwa hadi achoke. Loretta akapiga simu kila Jumatatu.

Curtis aliuawa katika mwezi wa pili wa ile mitatu ya nyongeza.

Kura moja ya Vernon isingemwokoa. Odessa alimwambia hivyo, na ni kweli. Vernon hakumwamini.

Uchaguzi uliofuata, Loretta alikuwa wa kwanza kwenye foleni pale shuleni. Vernon alisimama nyuma yake, anwani imeshabadilishwa. Karani akamuuliza wako wangapi nyumbani wanaopiga kura.

"Wawili," Vernon akasema. "Tulikuwa watatu."