Folda ya Pamoja

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipitia ofisini kwa mama yake, ofisi ya elimu, ghorofa ya pili. Alivua viatu chini ya meza na kufanya kazi zake za shule. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, na wala hakukosea. Mtoto yule hakuweza kuona kitu kimetulia akakiacha kitulie.

Siku hiyo mama alikwenda kula, akamwachia kompyuta na neno lake la siri, jambo ambalo hakupaswa kulifanya. "Andika insha yako," alimwambia. "Kingine usiguse."

Kiherehere aliandika mistari miwili. Kisha akaona folda zimetapakaa kwenye kioo cha kompyuta kama vyombo baada ya karamu, akaanza kuzipanga. Akaburuta hii huku, ile kule. Mara folda moja kubwa ikamponyoka, ikatoweka. Ilikuwa folda ya pamoja, ile ambayo ofisi nzima huifungua, kila mtu kwenye kompyuta yake. Kiherehere akazima kioo, akafungua kitabu, akajifanya anasoma. Kitabu chenyewe kilikuwa juu chini.

Haikupita robo saa, karani wa chumba cha pili akauliza, "Nani kagusa folda ya pamoja? Mbona siioni?"

Ndani yake mlikuwa na majina ya watoto mia tatu na kumi na wawili wa kufanya mtihani wa mwisho. Yalitakiwa yatumwe makao makuu kabla ya saa kumi. Asiyekuwemo angesubiri mwaka mzima. Nayo saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo.

Mama alirudi akakuta watu wameshika vichwa. Fundi wa kompyuta aliitwa, akapekua weee, jasho likamtoka. "Nakala ya akiba ni ya wiki iliyopita," alisema. "Ina majina arobaini tu." Fomu za karatasi zilikwisha kurudishwa mashuleni. Makarani wakapiga simu, shule hii haipokei, ile mwalimu mkuu kasafiri. Mama alipiga ya sita huku machozi yanamlengalenga.

Mkuu wa ofisi akamgeukia karani mzee, ambaye wenzake walimwita Kidole kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja. "Mzee, wewe ndiye wa mwisho kuifungua."

Mzee alivua miwani. "Huenda ni mimi kweli," alisema polepole. "Siku hizi mkono haunitii. Nisameheni. Nimewaharibia watoto wa watu."

  Kiherehere aliinuka aende msalani, akajifungie huko mpaka ofisi ifungwe. Alifika mlangoni, akageuka.

"Si babu," alisema. Hawakumsikia. Akarudia, "Si babu. Ni mimi."

Mama aliweka simu chini.

"Ulifanya nini hasa?" fundi aliuliza. "Usinipambie."

"Nilikuwa naiburuta. Ikaniponyoka."

"Ikaponyokea wapi?"

"Karibu na folda ya mama, ile yake mwenyewe."

Fundi akamtazama mama. "Dada, ifungue wewe. Mimi za watu sichungulii, ni kama kabati la nguo za ndani."

Mama aliandika neno la siri, akakosea mara mbili. Alipofanikiwa, folda ya ofisi ilikuwa mle, imejipachika kati ya picha za harusi ya shangazi na vyeti vya chanjo. Majina yalitumwa saa kumi kasoro dakika tatu.

Mkuu alimwambia mama, "Kesho nataka maelezo kwa maandishi. Neno la siri halirithishwi kama kanga."

Kiherehere alimwendea mzee, kichwa chini. "Nisamehe, babu."

"Mjukuu wangu, mkono kuteleza si ajabu, wangu huteleza kila siku. Lakini ulinyamaza, tukahangaika tukitafuta pasipo, na mimi nikakiri kosa nisilolijua. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukikosea, sema mapema, na useme yote, maana anayetengeneza hawezi kutengeneza asichoambiwa. Umesikia?"

"Nimesikia. Kwa hiyo umenisamehe?"

"Mimi nimekusamehe," mzee alisema, akivaa miwani yake. "Mama yako sijamuuliza, na kwa jinsi anavyokuangalia, sina haraka ya kumuuliza."